Uzi: Naongeza brekipointi na hatua kwa hatua kwenye monita ya Commodore 64. Wajuzi wa lugha ya mashine karibuni

#1 Mwamba6510 (Mabatini, Mwanza)

Wakuu, mwangaluka.

Nina Commodore 64, ile ya mwanzo ya rangi ya kahawia, niliyoletewa na shemeji kutoka Ujerumani. Inaonyesha vizuri kwenye TV ya chogo kwa sababu vyote viwili ni PAL, mfumo uleule wa picha. Adapta yake ya asili nimeipumzisha kabatini. Zile zikizeeka, volti 5 hupanda kimyakimya na kuunguza chipu za RAM, kwa hiyo fundi mmoja pale Makoroboi kanitengenezea nyingine.

Kwa wageni: hii ni mashine ya 1982. Prosesa yake ni 6510, ndugu wa damu wa 6502, inakimbia kama megahezi 1, na RAM ni kilobaiti 64. Ukiiwasha unakutana na BASIC. Monita ya lugha ya mashine, yaani programu ya kuchungulia na kubadilisha kumbukumbu, haimo ndani, ndiyo maana enzi zile watu walikuwa wanapakia Supermon ya Jim Butterfield. Mimi nimeandika kamonita kangu mwenyewe, kanakaa anwani $C000 (alama ya $ ni namba ya heksadesimali), pale kwenye kilobaiti 4 ambazo BASIC haizigusi. Kanaonyesha kumbukumbu, kanasoma amri na kuziandika kwa herufi, kanatafuta, kanajaza, kanaendesha programu. Basi.

Sasa nataka kawe na meno. Niweke brekipointi mahali, programu isimame hapo, nione rejista (vyumba vidogo vya ndani ya prosesa, kama A, X na Y), kisha niendelee kama hakuna kilichotokea. Nitembee amri moja moja. Na nilinde anwani fulani nijue nani anaiandika.

Shida ni kwamba 6502 haina flegi (biti ya alama) ya kusimama baada ya kila amri. Wenzetu wa Intel 8086 wanayo, unaiwasha tu na prosesa inakukatiza yenyewe. Sisi lazima tuibe njia. Mngefanyaje?

#2 Kijana_wa_Kirumba

Nimevuta kiti, nasubiri nondo.

Ila mkuu swali la kizembe: si utumie VICE kwenye laptop? Emuleta ina monita yenye break, watch, kila kitu. Unajitesa bure.

#3 Mwamba6510

@Kijana_wa_Kirumba natumia VICE kila siku, na nakushauri uitumie. Monita yake imekaa nje ya mashine, haili hata baiti moja ya RAM, haigusi steki (rundo ambalo prosesa inawekea vitu vya muda). Lakini programu ikifanya kazi kwenye VICE halafu ikagoma kwenye mashine halisi yenye kaseti na joystiki yake, VICE haikusaidii kitu. Pale unahitaji monita iliyo ndani, na hiyo ndiyo kazi ngumu, maana inaishi nyumba moja na mtu anayechunguzwa.

#4 MzeeHeksi (Nyakato)

Mwamba, umegusa penyewe hapo mwisho. Nianze na BRK, amri ya kusimamisha yenye kodi $00, kwa sababu wengi wanaijua nusu.

Brekipointi ni kuchukua baiti ya kwanza ya amri, kuiweka pembeni, na kuandika $00 mahali pake. Prosesa ikifika pale inasukuma anwani na rejista ya hali kwenye steki, halafu inapitia $FFFE na kutua $FF48 ndani ya ROM (kumbukumbu isiyoandikika) ya Kernal, programu ya msingi ya mashine. Kernal inasukuma A, X na Y, inachungulia flegi B iliyohifadhiwa kwenye steki. Ikiwa imewaka inaruka kupitia $0316. Ikiwa imezimwa, hiyo ni interapti ya kawaida (kifaa kimemkatiza prosesa), inaruka kupitia $0314. Kwa hiyo wewe unabadilisha $0316 na $0317 tu, na mlango wako unaanza hivi:

```
INGIA   CLD
        PLA
        STA RY
        PLA
        STA RX
        PLA
        STA RA
        PLA
        STA RP
        PLA
        SEC
        SBC #2
        STA PCL
        PLA
        SBC #0
        STA PCH
        TSX
        STX RSP
```

Angalia ile SBC #2. BRK ni baiti moja lakini anwani inayosukumwa ni ya BRK kujumlisha 2. Usipotoa mbili, monita itakuonyesha sehemu ambayo programu haikusimama. Na CLD ya juu usiidharau. 6502 ya aina hii haizimi hali ya desimali inapokatizwa. Ukiingia kutoka kwenye programu iliyopiga SED (amri ya kuwasha hali ya desimali), hata hiyo hesabu ya kutoa mbili inaweza kukupa jibu la ajabu.

Kutoka ni kinyume chake: rudisha SP (pointa ya steki), sukuma PCH na PCL (anwani ya kuendelea) na RP (hali), pakia X, Y, A, piga RTI (amri ya kurudi kwenye programu).

Sasa jambo ambalo monita nyingi ndogo zinalipuuza. Ukurasa sifuri wa C64, yaani baiti 256 za kwanza za kumbukumbu, umejaa vitu vya BASIC na Kernal. Zilizo huru kabisa zinazofuatana ni $FB hadi $FE, baiti nne. Monita yako inazitumia kama pointa, sivyo? Na programu unayoichunguza inazitumia pia, kwa sababu haina pengine pa kwenda. Basi ukishahifadhi rejista, nakili hizo nne mahali salama kabla ya kufanya lolote, na wakati wa kutoka zirudishe. Halafu amri ya M ikiombwa ionyeshe $00FB, ionyeshe zile zilizohifadhiwa. Ikionyesha za kwako unamdanganya mwenye programu.

#5 BintiNyegezi

Shikamoo mzee. Swali la mwanafunzi: kwa nini kuendelea baada ya brekipointi kunasumbua? Si unarudisha baiti ya asili na kupiga RTI?

#6 MzeeHeksi

Marahaba binti. Ukirudisha baiti na kuondoka, brekipointi imekufa. Ikiwa iko ndani ya kitanzi, mzunguko unaofuata utapita bila kusimama. Ukiiacha BRK palepale, utasimama palepale milele. Inabidi uondoe BRK, uendeshe ile amri moja tu, urudishe BRK, ndipo uachie programu. Umeona? Bila uwezo wa kutembea amri moja, hata brekipointi haijakamilika. Ndiyo maana Mwamba aanze na hatua, hayo mengine yatafuata.

#7 KamangaFeri

Kwenye kutembea kuna njia tatu ninazozijua.

KIM-1, kompyuta ya 1976 yenye 6502, ilikuwa na swichi kabisa. 6502 ina mguu wa SYNC unaopanda kila amri mpya inaposomwa. Wakaunganisha SYNC na NMI (interapti isiyozuilika) kupitia geti, na saketi ikawa inanyamaza prosesa ikiwa ndani ya ROM ya monita. Kazi safi. Lakini 6510 ya C64 haina mguu wa SYNC, kwa hiyo solda yako iweke chini.

Njia ya pili ni taima. Chipu ya CIA ya pili, kule $DD00, imeungwa na NMI. Unaipa hesabu fupi, unapiga RTI, na hesabu inaisha wakati amri ya kwanza ya programu inaendeshwa. Prosesa huwa inamaliza amri kabla ya kukatizwa, kwa hiyo inatembea moja tu. Utamu wake ni kwamba inafanya kazi hata ndani ya ROM na hata programu ikiwa imepiga SEI (amri ya kuzuia interapti za kawaida). Uchungu wake ni VIC, chipu ya picha. Kwenye eneo la maandishi, kila mstari wa nane inamsimamisha prosesa kwa mizunguko zaidi ya 40 ili isome herufi, na taima haisimami. Hesabu yako inaisha prosesa akiwa bado hajatoka kwenye RTI, na unajikuta umetembea amri sifuri. Dawa ni kuzima skrini kwa biti 4 ya $D011, au kusubiri hadi boriti ifike kwenye ukingo. Ukiwa na spraiti (vipicha vinavyohama kwenye skrini) chini kule, mzigo unaongezeka.

Ya tatu ni kuweka BRK ya muda kwenye amri inayofuata. Rahisi kuielewa ila kwenye ROM haifanyi kazi kabisa, maana ukiandika juu ya ROM baiti inatua kwenye RAM iliyo chini yake na prosesa haioni.

#8 Mwamba6510

Nimesoma yote. Kuna ya nne, na nadhani nitaichukua hiyo.

Monita ya Apple II ya 1977, kazi ya Steve Wozniak, ilikuwa na S ya hatua na T ya kufuatilia. (Apple II Plus ya 1979 ilipokuja na ROM mpya wakaziondoa zote mbili, na mpaka leo sijawasamehe.) Yeye hakuweka BRK popote. Alinakili amri kwenye chumba kidogo na kuiendesha humo:

```
CHUMBA  NOP
        NOP
        NOP
        JMP HAIKURUKA
        JMP IMERUKA
```

Amri ya baiti moja, mbili au tatu inakaa juu ya NOP, zilizobaki zinabaki NOP. Unapakia rejista za programu, unaruka ndani ya chumba, amri inafanya kazi yake, inaanguka kwenye JMP ya kwanza, unahifadhi rejista upya. Kama amri ni tawi (kuruka kwa sharti), mfano BNE, unabadilisha umbali wake uwe $04. Sharti likitimia inaruka hadi JMP ya pili, lisipotimia inaanguka kwenye ya kwanza. Prosesa mwenyewe ndiye anayeamua, huna haja ya kuchambua flegi.

Zinazobaki unaziigiza kwa mkono: JMP (kuruka), JSR (kuita rutini), RTS (kurudi kutoka rutini), RTI na BRK. JSR inataka uangalifu. Kwenye steki inasukumwa anwani ya baiti ya mwisho ya JSR yenyewe, na RTS ndiyo inayoongeza moja. Na JMP ya mabano ina ulemavu wake. Pointa ikikaa $xxFF, baiti ya juu inasomwa $xx00 ya ukurasa uleule. Ukiigiza kwa usahihi wa kitabuni, monita yako itafuata njia ambayo mashine haipiti.

Inatembea ndani ya ROM bila shida, kwa sababu haiandiki chochote kwenye programu. Kwangu hilo ndilo limeamua.

#9 Mpenda_Vya_Kale

Hiyo mashine unaiuza bei gani? Na kwa nini hapa kwetu hizi hazionekani kabisa? Kenya naona wanazo.

#10 KamangaFeri

@Mpenda_Vya_Kale kumbuka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. C64 inatoka huko nje, hapa milango ilikuwa imefungwa. Zilizopo zimekuja baadaye kwenye mabegi ya watu. Tusitoke kwenye mada.

#11 BintiNyegezi

Mwamba asante kwa faili la monita yako yenye hatua, nimelipakia kwenye C64 ya mjomba. Sasa nina kesi ya kweli.

Nimeandika bao la kujifunza. Mashimo 32, kila shimo kete 2, jumla 64. Meza ya baiti 33: mashimo 32 na moja ya kete zilizo mkononi. Jumla ya baiti zote lazima iwe 64 siku zote. Lakini nikicheza muda mrefu inakuwa 63, mara 62. Kete inayeyuka. Moyo wa kusambaza ni huu, pointa ya shimo ikiwa $FB na $FC:

```
        LDA ($FB),Y
        CLC
        ADC #1
        STA ($FB),Y
        DEC MKONO
```

Nikitembea kwa hatua za Mwamba, hata nikizunguka ubao mzima, hakuna kete inayopotea. Nikiachia ikimbie, zinapotea. Nifanye nini?

#12 Kijana_wa_Kirumba

Kete zako zinaliwa na sangara dada.

#13 Mwamba6510

@BintiNyegezi una muziki au kitu chochote ulichokiunga kwenye $0314?

#14 BintiNyegezi

Ndiyo, kuna wimbo unapigwa kwenye interapti, mara 60 kwa sekunde.

#15 MzeeHeksi

Basi nimeshaona moshi, tuutafute moto.

Monita ya Mwamba ikiingia, inahifadhi $0314 na kuirudisha kwenye $EA31 ya Kernal, ili muziki wako usiichezee. Ni sahihi kabisa kufanya hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba unapotembea, programu yako inapata muda wa mizunguko michache tu kwa kila hatua, na muda wote uliobaki mashine iko ndani ya monita, muziki umekatwa. Nafasi ya wimbo wako kuingia katikati ya LDA na STA ni karibu na hakuna. Kosa linalotokana na interapti linajificha ukilitazama kwa hatua. Hata kulinda anwani kwa kutembea na kulinganisha hakutasaidia, na juu ya hapo kutaifanya programu itambae, kila amri ikigharimu mamia ya mizunguko.

Weka mlinzi ndani ya interapti yenyewe:

```
MLINZI  LDX #32
        LDA #0
        CLC
JUMLA   ADC MEZA,X
        DEX
        BPL JUMLA
        CMP #64
        BEQ SAWA
        INC KOSA
        LDA KOSA
        CMP #2
        BCC TOKA
        BRK
        NOP
SAWA    LDA #0
        STA KOSA
TOKA    JMP WIMBO
```

Kitanzi kinakula mizunguko 9 kwa baiti, kama 300 kwa jumla. Kati ya interapti moja na nyingine kuna zaidi ya 16,000. Hutahisi kitu. Sababu ya kungoja makosa mawili mfululizo ni kwamba interapti inaweza kukupata baada ya STA na kabla ya DEC MKONO, wakati jumla ni 65 kihalali. Kosa la kweli litabaki hadi zamu inayofuata.

Na Mwamba, ongeza amri ya kuonyesha steki. BRK ikitokea ndani ya interapti, kwenye steki, anwani za juu ya RSP, bado kuna Y, X, A, hali na anwani ya programu iliyokatizwa. Bila kuviona hivyo, PC itamwambia tu kwamba amesimama kwenye mlinzi, jambo analolijua.

#16 BintiNyegezi

Wakuu!

Imesimama. Amri mpya ya K ya Mwamba imenionyesha kwamba programu ilikatizwa kwenye kitanzi cha kusubiri kati ya kete na kete, hapo nikaona bado giza. Lakini nilikuwa nimeweka nakala ya wimbo kwenye $5000, nikapiga C ya kulinganisha kumbukumbu. Noti moja imebadilika. Kwenye nakala ni $11, kwenye wimbo unaopigwa ni $03.

Kete iko ndani ya wimbo. Rutini ya muziki inaweka pointa yake $FB na $FC. Ikiingia baada ya LDA, inarudi na pointa imehama, na STA inaandika "kete 3" juu ya noti. Na ndiyo maana nilikuwa nasikia wimbo ukikosea kidogo kidogo nikadhani ni spika ya TV.

Sasa rutini ya muziki inasukuma $FB na $FC kwenye steki inapoanza na kuzirudisha inapomaliza. Mlinzi nimemwacha kazini, bao linachezwa tangu asubuhi na jumla imekaa kwenye 64. Wabeja sana.

#17 Kijana_wa_Kirumba

Mimi nilisema zinaliwa, mkacheka.

#18 Mwamba6510

Toleo jipya limepanda, na hizi ni tabia zake mpya.

Kitufe cha RESTORE sasa kinaingia monita. Kimeungwa na NMI moja kwa moja, nimebadilisha $0318, kwa hiyo hata programu iliyojifungia kwa SEI unaikamata. Kumbuka njia ya NMI haisukumi A, X, Y kama ile ya BRK, na anwani yake haitolewi mbili, kwa hiyo ina mlango wake. Kisichookolewa ni opkodi (baiti ya amri) kama $02. Hiyo inamgandisha prosesa mazima, ni riseti tu.

Kuruka juu ya JSR ni herufi N. Inaweka BRK ya muda baiti tatu mbele na kuachia rutini ikimbie. Usiitumie kwa zile rutini zinazobeba maandishi mara baada ya JSR, maana BRK itaangukia kwenye maandishi. Tumia hatua ya kawaida.

Anayetaka brekipointi ndani ya ROM, anakili kwanza kwenye RAM iliyo chini yake, kisha azime ROM:

```
FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT
FOR I=57344 TO 65535:POKE I,PEEK(I):NEXT
POKE 1,53
```

Inachukua muda, kapate chai. Ikimaliza una BASIC na Kernal zinazoandikika, unaweza kuweka BRK popote humo.

#19 Bandari_ya_Musoma

Mimi nina Commodore Plus/4. Faili hili litafanya kazi?

#20 Mwamba6510

Hapana mkuu, usilipakie. Kule $C000 kwa kawaida kuna ROM, na prosesa yake haina mguu wa NMI, kwa hiyo habari ya RESTORE haipo. Lakini wewe una bahati, andika MONITOR tu, imo ndani ya mashine. Programu ikiganda, shikilia RUN/STOP, bonyeza kitufe cha riseti, utaingia monita na kumbukumbu yako ikiwepo. Kinachokosekana kule ni hatua kwa hatua. Nitumie PM, tuone CHUMBA kitakaa anwani gani.